Sifa za Mkutano wa Saa Tatu na Robo

Wamesifiwa wafalme, zimesifiwa jahazi, hata mnazi una washairi wake. Mkutano wa kila asubuhi wa watengenezaji programu haujapata msemaji, na hiyo ni dhuluma. Kila siku ya kazi, saa tatu na robo, katika ofisi za Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine mingi, watu hukusanyika mbele ya ubao uliobandikwa vikaratasi, au mbele ya kioo cha kompyuta, wakaelezana walichofanya jana, watakachofanya leo, na kinachowakwamisha. Wenyewe wanauita stendapu. Ukiisha wanausengenya, kesho yake wanauwahi. Kitu kinachosengenywa na kuwahiwa na watu walewale lazima kina jambo.

Nasaba yake, kwanza, ni ya heshima. Mwaka 1995 Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliwasilisha mfumo wao wa kupanga kazi za programu, Skramu, ambao mkutano huu ni sehemu yake, kwenye kongamano la wanakompyuta mjini Austin, Texas. Februari 2001 wanaume 17, hao wawili wakiwamo, walikutana Snowbird, Utah, mahali watu wanapokwenda kuteleza juu ya theluji, wakatoka na ilani fupi. Jambo la kwanza ndani yake ni kwamba watu na mazungumzo yao wana thamani kuliko taratibu na vifaa. Dunia iliupokea ujumbe huo kwa moyo mkunjufu, ikaunda taratibu na vifaa vya kuutekeleza: kozi, mitihani, vyeti, programu za kulipia kila mwezi; hata ikamwajiri afisa anayeitwa Skramu Masta, ambaye sehemu ya riziki yake ni kuhakikisha mazungumzo hayo yanaanza kwa wakati.

Fadhila ya pili ni ya kiafya. Mkutano huu hufanywa kwa kusimama ili miguu iumie kabla ulimi haujachoka. Hili si porojo: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 uligundua kwamba mikutano ya kuketi ilichukua muda mrefu kwa asilimia 34 kuliko ya kusimama, na maamuzi yake hayakuwa bora zaidi. Siku hizi, kwa kuwa wengi hukutana kwa video, kila mmoja husimama kwa namna yake. Mmoja amesimama kitandani, shuka hadi kidevuni, kamera imezimwa. Mwingine amesimama ndani ya matatu, na huyo, kusema haki, amesimama kweli. Wa tatu anatoa taarifa yake yote kwa ufasaha mkubwa huku maiki imefungwa, wenzake wanamwacha amalize kwa sababu ya adabu, kisha wanamwomba arudie.

Lakini utamu wenyewe uko kwenye yale maswali matatu, ya jana, leo na kizuizi. Schwaber na Sutherland waliyaondoa kwenye mwongozo wao wa Skramu walipoutoa upya mwaka 2020, wakaziachia timu zijitafutie namna ya kuzungumza. Hakuna aliyewasikiliza. Maswali yanaendelea kuulizwa, na kwa mtu aliyelelewa kwa Kiswahili hayana ugeni wowote, maana ni maamkizi. Mtu ana homa ya nyuzi 39, ukimwuliza "Hujambo?" atajibu "Sijambo," ndipo aongeze, "ila homa kidogo." Stendapu imeichukua adabu hiyo nzima nzima. Katika mradi mmoja ninaoufahamu kulikuwa na tiketi, yaani kikaratasi cha kazi, ya kitufe cha kumrudishia mteja pesa zake. Kijana aliyepewa kazi hiyo alisema Jumatatu, "Ijumaa nilikuwa kwenye kitufe, leo naendelea na kitufe, sina kizuizi." Jumanne alikuwa kwenye kitufe. Jumatano pia. Kizuizi alikuwa nacho, tena kikubwa: kampuni ya malipo ya simu ilikuwa haijampa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo wake, na barua pepe alizotuma hazikujibiwa. Hilo alilisema kwenye birika la chai, mkutano ulipokwisha, kwa sauti ya chini: "Ila hawa jamaa hawajatujibu."

Wapo watakaosema huo ni ubovu wa mkutano. Mimi nasema birika lisingekuwa na watu kama mkutano usingewakusanya. Dakika 15 rasmi ni za "sijambo," na dakika 20 zinazofuata, ambazo hazimo kwenye kalenda ya mtu yeyote, ni za "ila." Hesabu hiyo mwongozo hauijui. Wakubwa nao hawaijui, ndiyo maana huingia kwenye mkutano, wakasimama pembeni kimyakimya "kusikiliza tu," na kuanzia hapo kila mtu anaitazama sura yao anapozungumza. Kikao kilichobuniwa ili wafanyakazi wapange siku yao wenyewe kikageuka kuwa cha kuita mahudhurio. Hata hapo sina budi kusifu: ni wapi pengine bosi hupata ripoti sita kwa robo saa bila kuuliza swali?

Nikifika kwenye mzunguko wenyewe wa kazi, sprinti, sifa zinanishinda. Mwongozo unasema sprinti isizidi mwezi mmoja, na timu nyingi huchukua wiki mbili. Unasema pia kwamba moja ikiisha nyingine huanza papo hapo, bila hata nafasi ya kuvuta pumzi. Sasa tazama uzuri wake. Kazi huchelewa, wateja huchelewa, umeme hukatika, na ile ruhusa ya kampuni ya malipo haiji. Sprinti haichelewi. Nimeona miradi ambayo haikutoa chochote cha kumwonyesha mteja, lakini sprinti zake zote zilikamilika, kila moja kwa siku yake, kwa uaminifu ambao treni zetu hazijaufikia. Kwa mwajiri anayetaka kuona kitu kikiisha, hii si zawadi ndogo. Kisichoisha huhamishwa. Kitufe cha kurudisha pesa kilihamishwa na kuhamishwa tena, hadi kijana wa mwanzo akapata kazi kwingine na tiketi ikarithiwa na binti ambaye hakujua iliandikwa na nani wala kwa nini. Akaamka nayo kila asubuhi vilevile: "Leo naendelea na kitufe."

Kabla ya kuhamishwa, kitufe kilipaswa kupangiwa uzito upya, na hapo ndipo karata zinapotolewa. Mchezo huu aliueleza James Grenning mwaka 2002: kila mmoja huchagua karata kwa siri, zote zikafunuliwa kwa pamoja, na siku hizi namba zake huruka 1, 2, 3, 5, 8, 13, kisha 20, 40, hadi 100. Zipo pia za alama ya kuuliza na za kikombe cha kahawa, ambazo ndizo za kweli kuliko zote. Wanafunua: watatu wana 5, mmoja ana 13. Wa 13 anaulizwa anaogopa nini. Anaeleza: ruhusa, majibu ya mfumo wa malipo yanayokuja mara mbili kwa muamala mmoja, pesa kurudishwa mara mbili. Kila neno lake ni sahihi. Wanamshukuru, wanacheza tena, na mara hii wote wanne wana 8. Sijapata kuona Bunge likiafikiana kwa kasi hiyo. Ron Jeffries, mmoja wa wale 17 wa Snowbird, amekwisha kuandika kwamba huenda ndiye aliyebuni pointi hizi za kupimia uzito na kwamba, kama ni yeye, anajuta. Mzee wa watu, majuto ya nini? Alitupatia njia ya kujumlisha hofu za watu wanne zikatoka namba moja inayoweza kuchorwa grafu.

Na mwisho wa wiki mbili kuna kikao cha kujitazama, cha kuulizana nini kilikwenda vizuri na nini hakikwenda. Norman Kerth, aliyeandika kitabu juu ya vikao vya namna hii, aliweka sharti kwamba washiriki waanze kwa kuamini kila mtu alifanya kadiri alivyoweza kwa aliyoyajua wakati ule. Msamaha wa jumla, kila baada ya wiki mbili, bila kutaja dhambi! Sijui dhehebu lenye ukarimu wa kiasi hiki.

Katika kikao kimoja cha aina hiyo, yule binti aliyerithi kitufe, kwa ugeni wake, aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kuipigia simu kampuni ya malipo. Kimya. Skramu Masta akasema ni hoja nzuri sana, akaiandikia tiketi, ikapewa pointi 2.