Heko, Pampu ya Mkononi!

Baiskeli ya mashindano hununuliwa kwa kuhesabu gramu. Mwenyewe hutoa fedha za kununulia ng'ombe ili usukani upungue gramu 50, kisha, siku ya safari ndefu, inambidi afunge kando ya chupa ya maji kidude cheusi cha gramu 100 hivi, kisicho na sura, kinachogongagonga kila lami inapochakaa. Hicho ndicho kinachostahili sifa. Fremu ya kaboni imeshasifiwa vya kutosha.

Utukufu wa pampu ulianza Belfast mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo, alilolibuni kwa ajili ya baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu. Kabla yake tairi lilikuwa mpira mtupu: lilitikisa meno, lakini pancha haikujulikana. Miaka minne baadaye ndugu wawili wa Michelin waliandaa mbio za Paris hadi Clermont-Ferrand, na misumari ikamwagwa barabarani makusudi, watu waone jinsi tairi lao lilivyo jepesi kuvua na kuziba. Biashara gani nyingine imewahi kujitangaza kwa kumharibia mteja safari?

Na kujitegemea kulikuwa sheria. Katika Tour de France ya 1913, uma wa mbele wa baiskeli ya mshindani Eugène Christophe ulivunjika kwenye mlima Tourmalet. Akabeba baiskeli begani zaidi ya kilomita 10 hadi Sainte-Marie-de-Campan, akaufua uma mwenyewe kwa mhunzi huku wasimamizi wakimkodolea macho. Waliona mtoto akimvukutia moto, wakamwadhibu. Kosa lilikuwa upepo wa msaada! Mwenye pampu yake hashtakiwi hivyo.

Wapo wanaoringia kichupa cha gesi ya kaboni dioksidi kinachojaza tairi kwa sekunde chache. Sawa, ila ni cha mara moja tu, kinagandisha vidole, na gesi yenyewe hupenya mpira upesi kuliko hewa, hivyo kesho tairi limelegea. Pampu haina papara. Hudai mapigo 200 na ushei, na ndiyo mazoezi pekee ya mikono ambayo mwenye mapaja mazito hufanya mwaka mzima.

Jamaa zake hawana uaminifu huo. Gundi ya viraka ikishafunguliwa hukaukia ndani ya kichupa chake kimyakimya, ikamwaibisha mtu baada ya kusugua tyubu kwa msasa vizuri kabisa.

Hata gundi ikiwa mbichi, lazima iachwe ikauke kidogo kabla ya kubandika kiraka, na ndani ya tairi papaswe kwa kidole polepole, maana kiwaya chembamba kilichotoka kwenye tairi la lori huenda bado kimechomoza. Asiyepapasa atapata pancha ya pili kabla hajafika mbali, na pampu, kwa ukarimu wake, itampa mapigo mengine 200 bila kumwongezea bei.