Jahazi la Mezani kwa Jumamosi Moja: Mwongozo wa Wenye Haraka

Kule Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi huunda majahazi bila ramani ya karatasi: tezo, msumeno, kamba ya kupimia na jicho lililozoea. Wapo pia wanaochonga majahazi madogo ya kuwekwa mezani kwa uangalifu uleule, na kijahazi kimoja chaweza kumkalisha mtu barazani wiki kadhaa. Wewe huna wiki kadhaa. Una Jumamosi, na jioni kuna mpira. Akitokea wa kukuambia subira huvuta heri, mjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, kisha endelea.

1. Mti

Chagua mti mbichi. Fundi asiye na haraka huuacha ubao wake kivulini miezi mingi, kwa sababu mti ukikauka husinyaa, tena husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Wewe usingoje; mti mbichi unachongeka kama muhogo. Kaskazi ikiingia na joto lake, jahazi lako litapasuka ubavuni likiwa juu ya kabati. Wageni wakiuliza, waambie hiyo ni dalili ya ukale.

2. Vipimo

Hapa ndipo watu hupoteza asubuhi nzima. Jahazi la mita 18 likipunguzwa kwa kipimo cha 1:30 linakuwa la sentimita 60, na nahodha wa mita 1.7 hafikii hata sentimita 6. Hesabu hizo waachie walimu. Gongomea misumari ya inchi moja iliyobaki ulipotengeneza kitanda. Kwa nahodha wako mdogo, kila msumari una urefu wa kama sentimita 75, unampita magoti. Lakini naye ni wa mbao, hatalalamika.

3. Mbao za ubavuni

Mtazame fundi wa kweli ili ujue cha kuepuka. Huchukua ubao wa unene wa milimita 2, akauloweka kwenye maji ya moto hadi ulegee, kisha akaukunja taratibu kufuata mataruma, yaani mbavu za jahazi. Akishauweka, huliinua jahazi na kulielekeza dirishani. Mwanga ukipenya kwenye kiungo, huutoa ubao, akaukwangua kidogo kwa kisu, akaurudisha. Mwanga ukipenya tena, anarudia. Hapo gundi bado haijafunguliwa. Akishagundisha, huubana kwa vibanio vya nguo, akaenda zake mpaka kesho. Na kesho yake hapachiki ubao wa pili jirani na wa kwanza. Huenda ubavu wa pili kupachika pacha wake, kwa kuwa mbao zikijazwa upande mmoja tu hulivuta jahazi likapinda.

Wewe maliza kwanza ubavu wa kulia, kwa ubao mkavu na dakika tano za gundi. Mbao mbili zitavunjika. Zilizosalia zitakubali shingo upande. Mwisho utakuta omo inaelekea Mombasa na tezi bado inaiaga Kismayu. Nyufa zijaze unga wa mbao na gundi. Mafundi wa vyombo vikubwa hutia kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, wakiishindilia mshono kwa mshono, lakini wao bahari huwauliza maswali. Wewe atakayekuuliza ni mtoto wa shangazi, na yeye unaweza kumnyamazisha kwa soda.

4. Msasa

Anza na namba 80, uishie namba 80. Usiwasikilize wanaoendelea na 120, kisha 240, kwa madai kwamba rangi haifichi mkwaruzo bali huutangaza. Wanasema kweli, ndiyo maana utakwenda tezi na omo, na marejeo yako yatakuwa ngamani, msasa mkononi. Ila hiyo ni habari ya Jumapili.

5. Mlingoti na tanga

Mlingoti wa jahazi huinamia mbele, ili foromali, mti unaobeba tanga, ipate nafasi ya kuzungushwa mbele yake tanga linapogeuzwa. Wako ulaze nyuma. Unapendeza zaidi kwenye picha. Kwa tanga, fundi hutafuta kitambaa chepesi, akakichovya kwenye chai ya rangi ili kionekane kimepigwa na jua na chumvi. Wewe kata shati kuukuu. Tundu la kifungo likibaki katikati, waambie wageni upepo wa kusi ulikuwa mkali.

6. Macho

Jahazi la Lamu huwa na macho mawili omoni. Yachore mwisho, umechoka, kwa rangi ya kucha. Moja likitoka kubwa kuliko jingine, sema jahazi linakonyeza.

7. Onyo: usiguse mtepe

Mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari wa chuma, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne. Mwaka 2003 uliundwa mmoja wa ukubwa kamili, ukaitwa Shungwaya, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, Unguja. Mtepe mdogo ni balaa tupu: kila ubao unatobolewa matundu, kila tundu linapitishwa uzi, kila uzi unakazwa. Ukiruka tundu moja, ubao unalegea na jirani zake wanafuata. Chombo kama hicho hakikupi nafasi ya kumdanganya mgeni, kwa hiyo hakikufai.

8. Maonyesho

Maana, kama umefuatilia, haraka haikupunguzia kazi. Imeitoa mikononi na kuihamishia mdomoni. Kwa hiyo liweke jahazi juu, ubavu mbaya ukutani, taa hafifu. Watu wa bara hawana shida. Mwogope mzee aliyewahi kuwa baharia, kwani huyo hatazami tanga wala rangi: hulipindua akaangalia mkuku, kisha akauliza, “Mwanangu, chombo hiki kinakwenda wapi?” Akiingia tu mlangoni, mpe kahawa kabla hajaketi, na kashata mkono wa pili. Mwenye mikono iliyojaa hapindui jahazi la mtu. Akiinywa polepole, shukuru: itakuwa ndiyo subira pekee iliyotumika katika kazi yako yote.