Kumi Bora za Pazia la Pagola

Zamani uani kulikuwa na mwembe, mkeka na kinu. Siku hizi Dar es Salaam, kuanzia Goba mpaka Kigamboni, kuna pagola: nguzo nne, mbao zimepangwa juu kwa mistari, pevingi chini, na kochi la nje ambalo watoto wenye uji mkononi hawaruhusiwi kulisogelea. Imepigwa picha, imerushwa kwenye grupu la familia, shangazi wa Muscat ameweka mioyo mitatu. Halafu saa kumi jioni jua likaingia ubavuni, na mwenye nyumba akarudi zake sebuleni kwenye feni.

Hapo ndipo mtu mmoja mwenye busara husema, "Tuweke pazia." Kauli nzuri sana, na mara nyingi husemwa na mtu ambaye hajawahi kufua pazia la mita sita.

Haya, tuhesabu. Tunaanza na la kumi, tunashuka mpaka la kwanza, ambalo ndilo la bei ndogo kuliko yote na ndilo linalosahauliwa na karibu kila mtu.

10. Pazia lililostaafu sebuleni

Kila nyumba inalo: lile zito la pamba, la rangi ya maruni, lililoshushwa mwaka ule kuta zilipopakwa rangi mpya. Mama mwenye nyumba analitoa kabatini: "Si hili hapa? Tunanunua jingine la nini?"

Hapana, mama. Pamba hunywa maji na haina haraka ya kuyarudisha. Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei. Pazia la pamba likilowa Jumatatu, Alhamisi bado bichi, na wiki ya pili limeota madoa meusi ya ukungu ambayo hata jiki inayakimbia. Cha nje kiwe kitambaa cha nyuzi za kiwandani, poliesta au akriliki, ambacho hakihifadhi maji na hukauka upesi. Lile la maruni likashonwe foronya. Hata mtumishi wa serikali akifika miaka 60 huachwa akalime.

9. "Rangi haitoki, bosi"

Muuzaji wa Kariakoo ataapa kuwa rangi haitoki, na wala hasemi uongo: haitoki ikiwa dukani.

Siri iko kwenye namna rangi ilivyoingia. Biringanya ni zambarau kwenye ganda tu, ukilikata ndani jeupe. Karoti ni ile ile mpaka kiini. Vitambaa vingi vya mapazia ni biringanya, rangi imewekwa baada ya nyuzi kuwa tayari. Vya nje vya daraja la juu ni karoti: rangi huchanganywa malighafi ikiwa bado majimaji, kabla haijavutwa kuwa uzi. Ndivyo ilivyo akriliki ya Sunbrella, ambayo kampuni ya Glen Raven ya Marekani iliiingiza sokoni mwaka 1961, ikianzia kwenye vitambaa vya vivuli. Ukitajiwa bei yake, omba kiti kwanza.

Kama mfuko haujakubali, chukua poliesta ya rangi ya mchanga au kijivu hafifu. Ikipauka, wageni watadhani ndivyo ulivyoichagua.

8. Mita tatu si mita tatu

Nafasi kati ya nguzo na nguzo ni mita tatu, kwa hiyo unanunua kitambaa cha mita tatu. Hongera, umeanika shuka. Pazia linalojikunja vizuri linahitaji upana wa mara mbili ya nafasi. Ukibana sana, mara moja na nusu. Mita tatu zako ni mita sita za kitambaa, na hapo ni upande mmoja tu.

Kuna ujanja ambao mafundi wa mapazia wanaujua na wateja hawauulizi. Vitambaa vingi vya mapazia huja na upana wa sentimita 280. Fundi hukilaza kitambaa, ule upana ukawa ndio urefu wa kwenda juu, na pazia zima likatoka kwenye kipande kimoja bila kiungo katikati. Pagola yenye kimo cha mita mbili na nusu inapata pindo la juu, pindo la chini, na chenji. Muulize fundi wako kama atakilaza. Akikuangalia kwa heshima mpya, usicheke.

7. Chumvi haina urafiki

Ukiwa Mbweni, Kigamboni au Nyali ya Mombasa, fundi wa kuchomelea atakuletea bomba la skwea lililopakwa rangi nyeusi, zuri ajabu. Miezi michache baadaye kutu inatoka kwenye maungio, inateremka, na pazia lako la rangi ya mchanga limepata michirizi ya rangi ya chai ya maziwa. Doa la kutu halitoki kwa sabuni wala kwa dua.

Karibu na bahari, dai chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Hicho kina molibdeni, madini yanayokisaidia kuhimili chumvi. Daraja la 304 linafaa zaidi waliojenga mbali na pwani. Na wewe uliyekuja dukani na sumaku mfukoni, pole: ziko aina dhaifu ambazo sumaku haizishiki vilevile, kwa hiyo kipimo chako hakitoshi. Uliza daraja, na liandikwe kwenye risiti.

Bomba la plastiki la maji? Kwa mita tatu litapinda katikati kabla hujamaliza kulisifia.

6. Mbu hasomi mapambo

"Tukiweka pazia, mbu hawataingia." Nani kasema? Mbu anatafuta tundu, na pazia la pagola ni matundu yaliyounganishwa kwa kitambaa. Ukitaka kumzuia, tundika wavu, uguse sakafu, na pale vipande viwili vinapokutana vipandane kwa kiganja kizima. Pazia la jua ni kinyume chake: liishie sentimita tatu au nne juu ya sakafu lisije likafyonza matope. Kazi mbili, vitambaa viwili.

Na wale wanaoweka ndoo za maji chini ili kushikilia pindo, jamani! Aedes, mbu anayeeneza dengi, huuma mchana na huzaliana kwenye vyombo vya maji yaliyotuama karibu na nyumba. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Weka mchanga kwenye ndoo, au zege. Chandarua chenye dawa ulichopewa kliniki, hicho ni cha kitandani. Tafadhali.

5. Jua lina ratiba, lisome

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu hufunga mapazia pande zote nne, kisha saa sita mchana wanashangaa jua linawachoma utosini. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linapita moja kwa moja juu ya vichwa vyetu, na miezi mingine haliendi mbali sana. Saa hizo pazia halina la kukusaidia. Tatizo lako liko juu, kwenye mbao. Panda pasheni itambae, au tandika makuti.

Pazia linapata kazi jua likishaanza kuinama, kuanzia saa tisa. Na kwa sisi wa karibu na ikweta, mwaka mzima linazama halijahama sana kutoka magharibi. Kwa hiyo anza na upande wa magharibi. Upande mmoja! Ukishautumia msimu mzima ndipo uulize kama unahitaji wa pili. Muuza vitambaa hatafurahi, lakini yeye hakai kwenye pagola yako.

Ukifunga zote nne kwa joto la Januari, umejenga chumba kisicho na dirisha, tena chumba ulichokikimbia.

4. Jirani na taa yako

Watu wa Pwani wana uzoefu wa miaka mingi na hili. Mchana mlango hukaa wazi na pazia limeshushwa: hewa ipite, macho yabaki nje. Mpita njia anajua nyumba ina watu na anajua apige hodi. Pazia jepesi la shia, kitambaa kinachopitisha mwanga, lilifanya kazi hiyo vizuri kwa sababu nje kulikuwa na mwanga mwingi kuliko ndani.

Usiku mambo hugeuka. Ukiwasha taa ndani ya pagola yenye shia, jirani anaona kila kitu bila kiingilio: nani kachukua paja la kuku, nani kachukua la pili. Dawa ni kitambaa kizito upande wa jirani, au taa ya mwanga mdogo iliyowekwa chini, karibu na pazia, kuliko ile inayoning'inia katikati nyuma ya vichwa vyenu.

Kama jirani ana ghorofa, sahau. Mbao za juu ziko wazi na yeye yuko juu yake. Mkaribishe chai, yaishe.

3. Nyama choma na poliesta hawakai meza moja

Hili tuliseme bila utani mwingi. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi, na makaa yaliyokolea yanapita hapo mbali sana. Cheche moja inatoboa tundu. Moto wenyewe ukishika, kitambaa kinadondoka matone yanayowaka, na tone likigusa ngozi linaganda hapo hapo.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Mvua ikianza, mtu hushusha mapazia yote na kuvuta jiko la mkaa ndani "tusilowe". Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mvua ikianza, jiko linabaki nje na nyama inalowa. Nyama iliyolowa inaliwa kwa pilipili.

2. Upepo hauombi ruhusa

Kusi hupiga kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, kaskazi Desemba hadi Machi. Wewe chagua mwezi wa kupumzika.

Tupige hesabu kidogo. Pazia la mita tatu kwa mita 2.4 lina eneo la mita za mraba 7.2. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ule wa kupepea majani ya mgomba, unalisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 11 hivi. Upepo ukiwa wa kilomita 36 kwa saa, mara mbili tu, nguvu haiwi mara mbili: inakuwa mara nne, zaidi ya kilo 40. Nguvu hiyo yote inaishia kwenye ringi zako kumi na mbili na skrubu nne ambazo fundi alizikaza huku anaongea na simu.

Kwa hiyo uzito kwenye pindo ni mzuri, lakini ujue mipaka yake. Pitisha mnyororo mwembamba usioshika kutu ndani ya pindo la chini, na upepo mdogo wa jioni hautawapiga wageni makofi. Wajanja huenda soko la samaki la Feri kutafuta chubwi, zile risasi za wavuvi. Zinafanya kazi, ila risasi ni sumu, na kama nyumba ina mtoto anayetafuna kila kitu, ziache kwa wavuvi. Na pazia usilifunge chini kwa kamba likakaza: upepo wa kilo 40 lazima utoe kitu, na kama hautoi pazia, utatoa nguzo.

Basi upepo tutaushindaje? Hatuushindi.

1. Kamba ya kufungia

Kipande cha kitambaa kile kile, urefu wa sentimita 60, upana wa kiganja, tundu la chuma kila mwisho, na ndoano moja kwenye nguzo, kimo cha kitovu. Fundi anakishona kwa mabaki huku anasubiri chai. Ndicho kinachoamua kama pazia lako litaona Krismasi.

Maana pazia la nje, hesabu vizuri, linashushwa saa tatu kwa siku na saa zinazobaki halina kazi. Saa hizo ndizo zinazoliua: linapigwa na upepo wa usiku, linasugua nguzo, paka wa jirani anajifunzia kupanda. Likikusanywa na kufungwa kwenye nguzo, upepo unapata kiganja cha kitambaa badala ya mita saba. Likiwa bichi liache kwanza likauke, kwa sababu likifungwa na maji linaota ukungu hata likiwa la bei ya Marekani.

Kinachobaki ni swali la nani atafunga, na hapo ndipo ndoa hupimwa. Baba anasema ni kazi ya watoto, watoto wanasema ni ya dada wa kazi, dada wa kazi ameshalala. Weka sheria moja: aliyemaliza chai wa mwisho ndiye anayefunga. Na mgeni je? Siku ya kwanza na ya pili mwache. Ya tatu, mpe kamba.