Rubani wa sebuleni

Shemeji yangu hapa Muheto anaunda chumba cha rubani cha kuigiza: mbao za mkaratusi, kiti cha lori bovu, skrini tatu za kuazima. Boeing 737 ya kweli ina upana wa ndani wa mita 3.5, sebule yake haifiki tatu. Meza imeshatolewa nje, jibini zimehamia chini ya kitanda. Dada kamuuliza kwa upole: “Papa, na mbuzi tuwakatie tiketi?” Chukudu ya shemeji, ile skuta ya mbao, nayo kaichonga mwenyewe, inanyeshewa uani, haina skrini, inaleta viazi tu. Kule Walikale, ndege za kubeba madini ya kasiteriti zilikuwa zikitua barabarani, pale Kilambo, msitu kushoto na kulia. Rubani wetu, yeye, jana kiti kimemkwama mlangoni.