Namna ya Kukosea "Each Other" Ukiwa na Kipaza Sauti

Umeitwa utoe nasaha harusini. Meza ya mbele wameketi wageni watatu kutoka Uingereza, na shangazi zako wanasubiri kuona kama ada ya shule ilikwenda na maji. Vuta pumzi. Tutapita salama.

1. Fungua kwa kosa tamu. Unataka kuwaambia maharusi wapendane? Sema "love yourselves". Kwa Kiingereza umeagiza bwana ajipende kivyake na bibi kivyake. Sisi "-ji-" na "-ana" hazituchanganyi hata tukiwa usingizini. Wao wanadai maneno mawili mazima, "each other". Usijali, vigelegele vitapigwa tu.

2. Sasa mtaje mkeo: "We love each other with my wife." Kwetu "tunapendana na mke wangu" ni watu wawili, basi. Mgeni ataanza kuhesabu: hao "we" ni wangapi, na mke anaingilia wapi? Utamwona anakunja vidole chini ya meza. Mwache. Hesabu ikimkubali, wewe uko kwenye pilau.

3. Mwalimu mstaafu hakosekani. Atakukumbusha kwamba "each other" ni ya wawili, na "one another" ya watatu kwenda mbele. Kanuni hiyo imo vitabuni tangu karne ya 18, ila Waingereza wenyewe huivunja kila siku, na H. W. Fowler aliikataa katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926. Kwa hiyo ukiwahi kumsahihisha mtu, shika kanuni. Ukisahihishwa, shika Fowler. Usishike vyote viwili meza moja.

4. Kadi ya zawadi ni hatari zaidi, maana maandishi hayafutiki kwa makofi. Katika "each other's" ile alama ya juu hukaa kabla ya s, hata wahusika wawe kijiji kizima. Umesahau? Idondoshe juu kabisa ya s, iwe kama kinyesi cha inzi. Msomaji atachagua upande.

5. Njia ya mkato niliyokuwa nakuficha: vitenzi vingine havihitaji kabisa "each other". "They met." "They kissed." "They married." Hata "they divorced", Mungu apishe mbali. Lakini "they love" inaning'inia, kila mtu anangoja umalizie. Basi wakutanishe, wabusianishe, waozeshe. Kupendana watajua wenyewe nyumbani.