Karani wa Sensa Aliyehamia Darajani

Kiswahili kina neno moja lenye ajira mbili. Mtajie ofisa wa serikali ya mtaa neno "sensa", atakumbuka tarehe 23 Agosti 2022, vishikwambi, na jumla ya Watanzania 61,741,120. Mtajie fundi wa Manzese neno hilohilo, atafungua boneti. Tukiwatazama vizuri, makarani hawa wawili ni ndugu. Kila mmoja anatumwa kwenye uchochoro wenye joto na kelele, asikilize kinachotokea ndani, kisha apeleke habari makao makuu ili uamuzi ufanyike. Tofauti ni namna tunavyowatendea. Karani wa watu akikaa barabarani na kujaza fomu za nyumba asizozifikia, tutapiga kelele hadi bungeni. Karani wa injini, yaani sensa ya noki, tunamtoa sisi wenyewe uchochoroni na kumweka barabarani, tena tunamlipa fundi kwa kazi hiyo. Akianza kuleta taarifa tulivu, tunasema gari limepona. Nadhani hapo tunajidanganya.

Tuanze na noki, yaani hodi yenyewe. Ndani ya silenda, plagi huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa, na moto husambaa kwa zamu, kama abiria wanaopanda mwendokasi kwa kufuata foleni, ikiwa yupo aliyewahi kuwaona. Injini ikizidi joto, petroli ikiwa hafifu, au masizi yakijaa, mchanganyiko uliobaki pembeni hukosa subira, ukalipuka wenyewe kabla zamu yake haijafika. Mlio wake ni kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Kwa silenda yenye kipenyo cha milimita 87.5, kama zile za injini ya Toyota 1MZ-FE, mtikisiko huo ni wa takribani mara 6,500 kwa sekunde. Hii ni hodi isiyosubiri kukaribishwa, na ikizoea nyumba hutoboa pistoni. Sensa hufungwa ili iisikie mapema. Ndani yake mna kipande kidogo ambacho kikitikiswa hutoa umeme, tabia ambayo ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, waliionyesha kwenye fuwele mwaka 1880. Kompyuta ikipata habari hiyo, huichelewesha cheche kidogo, na ugomvi unaisha. Ikikosa habari kabisa, huwa kama mama mkwe asiyepigiwa simu: inawaza mabaya tu. Huichelewesha cheche muda wote, gari likakosa nguvu na kunywa mafuta kama limetoka kufunga.

Karani huyu amepangiwa wapi? Kwenye Harrier za V6 za lita 3, zile za kuanzia 1997 na hata baadhi ya zile za baada ya 2003 ambazo mtaa umezibatiza "tako la nyani", makarani ni wawili, na wote wamelala bondeni katikati ya safu mbili za silenda, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Hiyo ndiyo Midizini ya injini, kama mtaa ule wa Manzese: pamebana, pana joto, na mgeni hapiti bila mwenyeji. Waya wao huokwa humo kwa miaka ishirini hadi unavunjika kama tambi mbichi. Kuwafikia ni kuvua mabomba, kung'oa manifoldi, kununua gasketi mpya, na kumwomba Mungu bolti isidondokee bondeni. Mgonjwa mwenyewe huchelewa kujijua. Kwenye injini hiyo, msimbo P0325, wa hitilafu ya sensa hii, ukisajiliwa, kompyuta huinyima giaboksi ovadraivu, gia yake ya juu. Lakini kati ya kituo cha Argentina, Manzese, na Ubungo saa kumi na mbili jioni, nani aliwahi kuihitaji? Mwenye gari atagundua siku ya safari ya msiba, amevuka Kibaha, injini inalia kama mashine ya kukoboa huku bajaji ikimwomba njia.

Hapo ndipo gereji bubu linaposema. Jina hilo nalo ni utani wa lugha, maana sijui gereji lenye maneno mengi zaidi. "Bosi, ya nini kufumua injini nzima? Hii tunaihamishia juu." Sensa mpya inafungwa kwenye bolti yoyote iliyo wazi, kwenye manifoldi au kwenye kikono cha altaneta, waya unarefushwa kwa kipande cha waya wa spika, na tepu nyeusi inamaliza maelezo. Sasa mchukue karani wa Midizini umweke juu ya daraja la waenda kwa miguu la Manzese. Ukimtaka utampata, upepo atapata, na kuhesabu atahesabu sana. Lakini atawahesabu wapita njia wa Tandale na Mabibo waliokuja kununua ndizi, na bibi mgonjwa aliyelala chumbani Midizini hatamwona kamwe. Sensa iliyo juu ya manifoldi ndivyo ilivyo. Inasikia valvu, injekta na altaneta, na kila mlio inaweza kuuandika kuwa noki. Noki halisi ikitoka kwenye silenda, inapunguzwa na gasketi na viungo vilivyo njiani, inafika imechoka. Waya nao una habari yake: ule wa kiwandani umevikwa wavu wa kuuzuia usinase umeme wa jirani, ilhali wa spika ukipita karibu na koili unabeba umbea wote wa mtaa.

Mtetezi wa daraja atajibu: mbona taa ya injini imezimika? Imezimika kweli, na hapo ndipo penye mtego. Kompyuta ina uwezo wa kujua kama waya umekatika au kama mawimbi yamepotea. Haina uwezo wa kujua kwamba karani amehama kituo. Ni mwalimu anayeita majina bila kuinua macho. Kwenye baadhi ya Nissan mafundi hawanunui hata sensa, wanafunga rezista ya kiloomu 470 au 560, na kompyuta ikiita jina, rezista inaitikia "nipo!" kwa niaba ya mtoro. Mahudhurio ni asilimia mia, darasani hayupo mtu. Taa ya injini ni mjumbe anayesema kuna jambo. Kumnyamazisha mjumbe ni rahisi tangu enzi za wafalme, na haijawahi kuwa tiba ya habari aliyoileta.

Mwingine, kwa kawaida mzee mwenye heshima zake, atasema kwamba Peugeot 504 ilikwenda Songea na kurudi bila sensa yoyote. Ni kweli, shikamoo yake. Lakini sensa ya 504 ilikuwa sikio la dereva. Akisikia kokoto mlimani alipunguza mguu, akifika alizungusha distribyuta kidogo. Tena petroli ya zama hizo ilitiwa kinyamazisho: mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors huko Marekani, aligundua kwamba mchanganyiko wa madini ya risasi huzima noki. Injini zikanyamaza, watu wakala sumu, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiondoa risasi hiyo kwenye petroli kufikia mwanzoni mwa 2006. Injini ya 1MZ-FE inakandamiza mchanganyiko kwa uwiano wa 10.5 kwa 1, na waliouchagua uwiano huo walijua kuna karani macho usiku na mchana. Kuidai ujasiri wa 504 baada ya kumfukuza karani wake ni kumlaumu mtoto wa mjini kwa kutojua kukamua ng'ombe.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mfuko, nami siidharau. Kenya imefunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tunayapokea, tunayatoza ushuru wa uchakavu, kisha tunayapa maisha ya pili na ya tatu. Gari la zaidi ya miaka 20 likidai kazi ya siku mbili kwa ajili ya kidude kinachoenea kiganjani, mwenye gari ana haki ya kuuliza kama kuna njia fupi. Tena kuhama kwenyewe si dhambi. Zipo injini ambazo kiwanda kiliweka sensa ubavuni mwa bloki, mahali ambapo mkono unafika. Ila kiwanda kiliifundisha kompyuta sauti za mahali hapo. Tepu nyeusi haifundishi kompyuta kitu. Njia fupi nayo ina bei, isipokuwa inalipwa kidogo kidogo kwenye pampu ya mafuta, na siku injini ikipasuka inalipwa kwa mkupuo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kwanza pima waya na plagi yake kabla ya kumhukumu karani, maana mara nyingi mzima ni yeye na mkatikaji ni waya. Ukikubali kufumua, fumua mara moja: sensa zote mbili, waya, gasketi na mipira iliyochoka, wala usiweke feki mahali ambapo kuirudia ni siku mbili. Ukilazimika kuhamisha, mhamishie nyumba ya jirani, usimpeleke darajani: kwenye bloki yenyewe, karibu na silenda, chuma kwa chuma, bila washa na bila ile silikoni nyekundu ambayo mafundi wetu huipaka kila kitu isipokuwa mkate. Ikazwe kwa spana ya kipimo, na waya uwe wenye wavu. Hapo bado atasikia nusu, lakini nusu ya habari za nyumbani ni bora kuliko habari zote za barabarani. Na kama umeshafungiwa rezista, taa imezimika na moyo umetulia, fahamu tu kwamba ile kazi haikufutwa. Imekurudia wewe, kama ilivyokuwa kwa dereva wa 504. Basi ukianza kupanda kuelekea Kimara, shusha kioo, punguza bongo fleva, usikilize kokoto.