Mishikaki Hadi Uwanja wa Ndege

Mtu anayeogopa ndege hajifichi. Wiki nzima anaaga ndugu kama mtu asiyerudi tena, madeni yote kayaandika kwenye karatasi, na usiku wa kuamkia safari anapiga dua hadi alfajiri. Kukicha, kwa kuhofia foleni, anaita bodaboda. Shemeji naye anataka kumsindikiza, basi wanapakiwa mishikaki: dereva mbele, msafiri na begi katikati, shemeji nyuma kakalia chuma. Kofia ngumu ipo, imening'inizwa kwenye kioo cha pembeni, inapunga upepo. Msafiri hakuitaka kwa sababu inanuka jasho la abiria wa jana. Wakipenya kati ya lori la kokoto na daladala, anafumba macho na kuiwazia ndege.

Tuna kawaida ya kuogopa kinachosimuliwa, tukakizoea kinachoua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 mwaka 2021, na malaria ikaua karibu 600,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika wasiotimiza miaka mitano. Papa, bahari zote zikijumlishwa, hawafikishi watu 20 kwa mwaka. Hata hivyo papa aking'ata mguu mmoja, habari inazunguka dunia nzima. Mbu hana mtangazaji. Ndiyo maana watu huoga baharini wakichungulia mapezi, kisha jioni wakakaa barazani, vifundo vya miguu wazi, wakisimuliana habari za papa huku mbu wakijipakulia. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wala hajajificha nguoni.

Kuogopa pasipostahili kuna gharama. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Wamarekani wengi waliziacha ndege wakashika usukani. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alikadiria kuwa katika miezi 12 iliyofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa uamuzi huo. Walikimbia hatari iliyoonekana kwenye televisheni, wakaifuata iliyokuwa imeegeshwa mlangoni.

Kuna watakaosema: angani huna la kufanya, barabarani walau unajihami. Unajihami kwa kitu gani? Silaha ya abiria wa bodaboda ni maneno mawili tu, "polepole kaka", ambayo dereva huyapokea kama salamu. Na kinga tuliyokabidhiwa mkononi tunaifanyaje? Mtazame abiria wa kiti cha mbele anapomwona trafiki kwa mbali. Anauvuta mkanda, anaupitisha kifuani, kisha anaushikilia kwa vidole viwili karibu na kifungo chake bila kuuchomeka. Trafiki akishapitwa, vidole vinaachia, mkanda unarudi kwao. Kifua kimekingwa na faini, ajali haikuhesabiwa.

Wengine watatukumbusha kuwa ajali haina kinga. Lakini msema methali hiyo, usiku ukiingia, hufunga mlango kwa makomeo mawili na kufuli, na chakula hafuniki kwa methali. Tafiti zimeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mpanda pikipiki kufa ajalini kwa takriban asilimia 40. Kama ajali haina kinga, kichwa kinayo. Na jasho la abiria wa jana huzuiwa na kitambaa cha kufunga kichwani.

Yupo pia wa kuuliza: tukihesabu kila hatari, si tutajifungia ndani? Hata ndani si salama: aliyelala na jiko la mkaa linalowaka, madirisha yote yamefungwa, huenda asiamke. Kupima hatari hakumzuii mtu kutoka. Kunamsaidia kujua pa kuitumia hofu yake, maana hofu ni kama mshahara, ukiimalizia mahali pamoja pengine hapapati kitu. Kipimo chenyewe hakihitaji msomi: jiulize jambo hilo unalifanya mara ngapi. Ndege unaipanda mara moja kwa mwaka, tena pengine kwa nauli ya kuchangiwa. Bodaboda unaipanda asubuhi na jioni.

Kwa hiyo dua za usiku kucha zisipunguzwe hata moja. Zihamishiwe tu kwenye safari ya kwanza, ile ya kwenda uwanjani. Na shemeji apande daladala.